Kifaa kilicholala hakisikii amri

Kila asubuhi, kabla sijafungua barua pepe, nafungua dashibodi ya vifaa na kuangalia safu moja: kila kifaa kiliwasiliana na seva lini mara ya mwisho. Hali ya betri, toleo la programu, nafasi iliyobaki, hayo nitayafikia baadaye. Kifaa kilichowasiliana dakika chache zilizopita naweza kukisemesha. Kilichokaa kimya wiki tatu, hata kikiwa na alama ya kijani kwamba kinafuata sera zote, yaani masharti tuliyokiwekea, sina habari nacho. Ile kijani ni ya wiki tatu zilizopita.

Nasimamia simu, vishikwambi na miwani ya uhalisia pepe (ile inayofunika macho na kumwonyesha mtu mazingira ya kubuni) ya kampuni inayofundisha wafanyakazi usalama kazini: kupanda ngazi ndefu, kuzima mashine kabla ya kuitengeneza, kutoka kwenye jengo lililojaa moshi. Vifaa vimetawanyika kwenye matawi mengi, na vingi vikishatoka stoo sivishiki tena mpaka vizeeke. Watu wakisikia hivyo hudhani nakaa mbele ya kioo, nabonyeza vitufe, na vifaa vinatii. Naandika haya kwa ajili ya yule aliyekabidhiwa kazi hii juzi, akapewa nenosiri la dashibodi na orodha ya namba za vifaa, akaambiwa sasa ni vyako. Kuna jambo moja ambalo ukilishika mapema mengine yananyooka: amri unayotuma kutoka mbali ni ombi. Inakaa kwenye foleni mpaka kifaa kije chenyewe kuichukua.

Seva haina njia ya kujiingiza ndani ya simu ya mtu. Nikibonyeza "funga", seva yetu inaiomba huduma ya arifa ya Apple, au ya Google kama ni Android, igonge kengele. Kengele hiyo haibebi amri. Inakiambia kifaa kwamba kinahitajika, basi. Kifaa kikisikia kinafungua mawasiliano na seva yetu, kinauliza kuna nini, kinapewa kazi ya kwanza, kinaifanya, kinaleta majibu, kinauliza tena, hivyo hivyo mpaka foleni iishe. Apple waliuweka utaratibu huu mwaka 2010 pamoja na iOS 4, na msingi wake ungalipo hadi leo. Mwaka 2021 waliongeza njia nyingine ambayo naipenda zaidi: kifaa kinapewa masharti mapema, kinayatunza chenyewe, kinajikagua na kuleta taarifa hali yake inapobadilika, bila kusubiri kuulizwa. Yeyote aliyebuni hilo alikuwa ameshawahi kusubiri kifaa kilichonyamaza.

Kengele ina njia yake, na hapa ndipo mafundi wa mtandao na sisi tunapoanza kutoelewana. Ya Apple hupita poti 5223 (poti ni mlango wenye namba ambao mawasiliano ya mtandao hupitia), ikishindwa hujaribu 443. Ya Google hutumia 5228 hadi 5230. Tawi likiwa na ukuta wa moto, yaani mlinzi wa mtandao anayeamua kipi kipite, uliofunga poti hizo, vifaa vitafungua tovuti vizuri kabisa, video zitacheza, fundi wa mtandao atasema kwa dhati kwamba intaneti ipo, na bado simu za Android za tawi hilo huenda zikawa viziwi au zikachelewa kupita kiasi. Ukiona tawi zima limenyamaza wakati mmoja, usihangaike na kifaa kimoja kimoja. Uliza nani amegusa ukuta wa moto.

Simu, hata hivyo, ina tabia nzuri: iko mfukoni mwa mtu, ina laini yake, inachajiwa kila usiku kwa sababu mwenyewe anaihitaji. Ikinyamaza, mwenye nayo atakupigia kabla hujamtafuta. Miwani haina mwenyewe. Na hii ndiyo tofauti ambayo wauzaji wa mifumo ya usimamizi hawaizungumzii vya kutosha wanapokuonyesha dashibodi moja yenye simu na miwani bega kwa bega kana kwamba ni ndugu.

Ndani ya miwani nyingi, katikati ya lenzi mbili, kuna kihisi kidogo kinachotambua kama kuna uso. Ukivua, kioo kinazima, na baada ya muda mfupi kifaa kinalala. Mwalimu akimaliza somo anairudisha kwenye sanduku lake, anafunga zipu, anaweka kabatini. Betri yake ikijaa haidumu zaidi ya saa mbili tatu za matumizi, na ikikaa kabatini mwezi mzima inaisha kabisa. Sasa mimi Jumatatu natuma toleo jipya la somo. Dashibodi inaandika "inasubiri". Jumanne inasubiri. Wiki inayofuata inasubiri. Siku ya mafunzo mwalimu anatoa miwani kumi na mbili, anaziwasha zote kwa mpigo mbele ya darasa, na zote kumi na mbili zinasikia kengele kwa wakati mmoja. Zinaanza kuvuta faili za gigabaiti kadhaa kupitia kipanga njia kimoja cha Wi-Fi, na juu yake mfumo endeshi nao umekumbuka kwamba una sasisho. Watu wamekaa, wameacha kazi zao, wanatazama mstari unaojaa polepole. Mwalimu ananipigia na sina kitufe cha kumsaidia, kwa sababu kifaa kinafanya kile kile nilichokiomba.

Siku niliyoona hilo likitokea kwenye tawi kubwa, niliacha kuhesabu amri zilizotumwa nikaanza kuhesabu saa ambazo miwani iko macho. Tukaweka siku ya kuamsha. Kila tawi lina mtunza vifaa, na siku hiyo anatoa miwani yote sandukuni, anaipanga kwenye rafu ya kuchajia, anaiwasha, anahakikisha imeshika Wi-Fi, kisha anaiacha usiku kucha. Sera yetu inazuia miwani isilale ikiwa kwenye chaji. Masasisho yameruhusiwa kushuka usiku huo tu. Siku za mafunzo yamefungwa. Asubuhi yake naangalia ile safu yangu, na kama miwani moja haijaonekana, namjua wa kumuuliza.

Sitaki ifikiriwe kwamba ni suala la kuchelewa tu. Kifaa kilichoishiwa chaji kwa muda mrefu kinaweza kuamka na saa isiyo sahihi. Saa ikiwa imerudi nyuma, cheti cha usalama cha seva kinaonekana kama hakijaanza kutumika, kifaa kinakataa kuunganishwa, na kwa kuwa hakijaunganishwa hakiwezi kurekebishwa saa kutoka mbali. Mtandao unaomtaka mtu abonyeze "nakubali masharti" kwenye ukurasa fulani nao ni mtego wa aina hiyo hiyo: miwani iliyofungwa kwenye programu moja haina kivinjari cha kuufungulia ukurasa huo. Ndiyo maana kila tawi nalitaka liwe na mtandao wa vifaa peke yake, wenye nenosiri ambalo miwani inalibeba tangu stoo. Na nenosiri hilo halibadilishwi kabla jipya halijafika kwenye vifaa vyote. Ukibadilisha kwanza kwenye kipanga njia, umevikata vifaa vyote sauti kwa mkono wako.

Kuhusu masasisho, nina msimamo ambao umeshanigombanisha na mabosi: kifaa chochote hakipati toleo jipya la mfumo kabla miwani michache ya majaribio haijakaa nalo siku kadhaa, ikatumika kwa somo halisi, ikazimwa, ikawashwa tena. Kisha kundi dogo. Kisha waliobaki. Mwishoni mwa Desemba 2024 baadhi ya miwani ya Quest, ya kampuni ya Meta, ilishindwa kuwaka kwa sababu ya tatizo la programu wakati wa kusasishwa, na Meta wenyewe wakakiri. Kifaa kisichowaka hakiko kwenye dashibodi ya mtu yeyote. Hakuna amri ya kukifikia. Kilichobaki ni sanduku, karatasi ya usafirishaji na mtu wa kulibeba.

Halafu kuna vyeti, yaani vitambulisho vya kidijitali vyenye tarehe ya mwisho. Tarehe 7 Machi 2018 miwani ya Oculus Rift, ya kampuni hiyo hiyo, ilikataa kufanya kazi dunia nzima kwa siku hiyo moja, kwa sababu cheti kilichotumika kutia sahihi programu yake kilikuwa kimefikia mwisho wa muda wake na hakikuhuishwa. Hakuna aliyevamia. Hakuna kilichovunjika. Tarehe ilifika tu. Katika kazi yetu tarehe ya namna hiyo ipo kila mwaka: cheti kinachoiruhusu seva yako kugonga kengele ya Apple kinadumu mwaka mmoja, na lazima kihuishwe kwa akaunti ile ile iliyokiomba mwanzoni. Ukitengeneza kipya badala ya kuhuisha cha zamani, simu zote za iPhone na iPad zote zinabaki zikisikiliza kengele ambayo haigongwi tena, na itabidi kila moja isajiliwe upya kwa mkono. Kampuni moja niliyoitwa kuisaidia ilikuwa imefika hapo: akaunti ilikuwa barua pepe binafsi ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, na hakuna aliyejua nenosiri lake. Kwa hiyo, ndugu uliyekabidhiwa juzi, leo hii kabla ya kitu kingine chochote, tafuta akaunti hiyo ni ya nani. Iwe ya ofisi. Tarehe ya mwisho iwe kwenye kalenda za watu wawili, na mmoja wao asiwe wewe.

Kwa sababu amri ni ombi, sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla kifaa hakijaondoka mikononi. Kwa simu hili limerahisishwa sana. Google walileta usajili wa moja kwa moja wa Android mwaka 2017, na Apple walileta Apple Business Manager mwaka 2018. Samsung nao wana wa kwao ndani ya Knox, mfumo wao wa usalama. Muuzaji anaandika namba ya kifaa kwenye akaunti ya kampuni, na simu inapowashwa mara ya kwanza inauliza kwa mtengenezaji wake mimi ni wa nani, inajibiwa, inakuja moja kwa moja kwenye seva yetu kuchukua sera. Mwizi akiifuta na kuirudisha kwenye hali ya kiwandani, itauliza swali lile lile na kupata jibu lile lile.

Miwani bado inategemea umeitoa kwa mtengenezaji gani. Mingine inasajiliwa kwa msimbo wa QR au kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Mingine inakulazimu uivae kichwani mwenyewe, moja baada ya nyingine, uoanishe vidhibiti vya mkononi, uchague lugha, uchore mpaka wa kutembelea, uvue, uchukue nyingine. Chumba kiwe na mwanga wa kutosha na kuta zenye vitu, kwa maana kamera za miwani zinajua zilipo kwa kutazama kona na alama za chumba. Ukuta mtupu mweupe au giza vinazipoteza. Shingo inachoka. Naifanya kwa makini kila moja, kwa kuwa mtu wa kwanza kuivaa baada yangu anaweza kuwa mzee wa kiwandani ambaye hajawahi kuiona maishani, na anachotakiwa kukutana nacho ni somo lake, si duka la michezo wala ujumbe wa "jina lako ni nani".

Hivyo tunaifunga kwenye programu moja. Ikiwaka, somo lipo. Akibonyeza kitufe kisicho sahihi, somo lipo. Akivua na kumpa mwenzake, somo linaanza upya. Mwalimu anaona kwenye kishikwambi kile anachokiona aliyevaa, na kwangu hilo ni hitaji la lazima: mtu akisema "naona giza" hujui kama kioo kimezimika, programu imekwama, au amevaa miwani juu kidogo ya macho. Ukubwa wenyewe hautishi kazi ikipangwa hivi. Mwaka 2018 Walmart walitangaza kupeleka miwani 17,000 ya Oculus Go kwenye maduka yao ya Marekani kwa ajili ya mafunzo, na huwezi kufikisha idadi hiyo kwa kumtegemea kila mfanyakazi ajue menyu. Lakini angalia na umri: uuzaji wa Oculus Go ulisitishwa mwaka 2020, na marekebisho ya usalama yaliahidiwa hadi 2022 tu. Nikipanga bajeti ya miwani naandika tarehe ya kuisha msaada wa mtengenezaji pembeni mwa tarehe ya kununua. Kama hataki kuitaja, nahesabu kwamba ni karibu.

Kwa simu iliyopotea watu hukimbilia kufuta. Naelewa hofu hiyo, ila mpangilio wangu ni mwingine. Kwanza nafunga na kuiweka katika hali ya kupotea, yenye namba ya ofisi kwenye kioo. Natazama ilipo. Nampa aliyeipoteza muda wa kukumbuka, maana nyingi ziko kwenye gari la kampuni chini ya kiti. Kufuta ni kwa mwisho, kwa sababu simu iliyofutwa haitakueleza tena iko wapi. Na kama imezimwa, hakuna hata moja kati ya haya litakalotokea mpaka iwashwe na kupata mtandao. Mwizi anayejua kazi yake anaitoa laini kabla hajafika kona. Kinachoilinda data wakati huo ni yale tuliyoyafanya zamani: nenosiri lenye nguvu, hifadhi iliyosimbwa (isiyosomeka bila ufunguo wake), na uwezo wangu wa kuiondolea akaunti ya mfanyakazi ruhusa upande wa seva, jambo ambalo halihitaji simu iwe macho. Nikipigiwa usiku kwamba simu imeibwa, mkono wangu unaenda kwenye akaunti kabla ya kifaa.

Miwani ya pamoja haina hata nenosiri la maana, kwa sababu inapita vichwa vingi kwa siku. Kwa hiyo haibebi kitu. Matokeo ya somo yanapanda kwenye seva na kufutwa kwenye miwani papo hapo.

Sasa niseme juu ya kitufe chenyewe cha kufuta, kwa kuwa kinaninyima usingizi kuliko wizi wa simu. Agosti 2024, mtu asiyeruhusiwa aliingia kwenye Mobile Guardian, mfumo wa kusimamia vifaa vya wanafunzi, na huko Singapore vifaa vya wanafunzi wapatao 13,000 wa shule 26 za sekondari vikafutwa kutoka mbali. Wanafunzi walipoteza maandishi yao ya masomo. Kufuta huko ndiko kule kule ninakokufanya mimi kihalali. Mwaka uliotangulia, Julai 2023, wavamizi walipitia tundu kwenye mfumo wa Ivanti wa kusimamia simu na kuingia kwenye mtandao wa wizara 12 za serikali ya Norway. Mfumo tunaouweka ili kulinda vifaa ni mlango mmoja wa kuvifikia vyote kwa pamoja, na nadhani wengi wetu tunaupa ulinzi mdogo kuliko tunaoupa barua pepe.

Kwetu, mtunza vifaa wa tawi anaweza kutafuta na kufunga vifaa vya tawi lake tu. Kufuta kifaa kimoja ni kwa wachache. Kufuta zaidi ya vifaa vichache kwa mkupuo kunahitaji mtu wa pili aidhinishe kwa akaunti yake, hata mimi. Akaunti ya dashibodi si ile ninayosomea barua pepe, na inafunguliwa kwa ufunguo wa kushika mkononi. Seva inasasishwa siku ile ile rekebisho la usalama linapotoka. Hapo tu ndipo sisubiri kundi la majaribio. Kuna wanaoniona mzito. Nikiwakumbusha wale wanafunzi wa Singapore huwa wananyamaza.

Swali ninaloulizwa zaidi na wafanyakazi halihusu poti wala vyeti. Wananiuliza, "Dada, mnaniona?" Nalijibu kila mara, kwa kirefu, kwa sababu mtu ana haki ya kujua. Kwenye simu ya Android yenye sehemu ya kazi, naona programu za upande wa kazi, toleo la mfumo, na kama kifaa kimesimbwa. Picha zako, ujumbe wako, watu unaowapigia upande wako binafsi, sivioni na mfumo hauniruhusu. Tangu Android 11 ya mwaka 2020 ukuta huo umeimarishwa hata kwa simu ambazo kampuni yenyewe imenunua. Apple walileta usajili wa namna hiyo kwa simu za wafanyakazi wenyewe mwaka 2019. Mahali ulipo nitapajua tu ukiripoti imepotea, na kwenye iPhone hali hiyo ikizimwa, simu yenyewe itakuambia kwamba mahali pake palitazamwa. Napenda kifaa kinachomsemea mwenyewe hivyo.

Kwenye miwani jibu langu ni gumu zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watu 511 video za nyuzi 360 wakiwa wamevaa miwani. Kwa mwendo wa kichwa na mikono peke yake, data isiyofika dakika tano kwa mtu, mfumo wao ulimtambua mhusika kwa usahihi wa asilimia 95. Hakuna jina, hakuna uso, hakuna sauti. Namna unavyogeuka na urefu ambao mikono yako inaning'inia vinatosha. Kwa hiyo muuzaji wa masomo akiniambia data zake "hazina majina", namuuliza kama anahifadhi mwendo. Akisema anahifadhi, nataka kujua kwa ajili ya nini, wapi, kwa muda gani, na nani anaweza kumwonyesha bosi kwamba fulani alisita mara ngapi juu ya ngazi. Mtu aliyekuja kujifunza kutoanguka asipimwe uoga wake kwa siri. Tumeshakataa masomo mazuri sana kwa sababu hiyo, na ningekataa tena.

Kuna mengi ambayo hayafanyiki kutoka mbali, na hapo watunza vifaa wa matawi ndio kazi yenyewe. Simu za namna hii ni za kila wiki:

"Dada, hii namba kumi na nne imeganda kwenye nembo."

"Pole, kaka. Shikilia kitufe cha kuwasha bila kuachia, nami nahesabu. Ikizima iache kidogo, ndipo uwashe."

"Imewaka. Ila kidhibiti cha kulia hakionekani."

"Kina stika namba ngapi?"

"Namba tisa."

Basi kidhibiti kimehama sanduku, kwani kila kimoja kimeoanishwa na miwani yake. Bila stika tungezunguka saa nzima. Namba moja inabandikwa kwenye miwani, kwenye vidhibiti vyote viwili, kwenye sanduku, na ndilo jina la kifaa kwenye dashibodi. Kwa kazi ya dakika moja ya kubandika sijui kingine kinacholipa hivi.

Watunza vifaa hao hao wanajua lenzi hufutwa kwa kitambaa kikavu laini na dawa ya kuua vijidudu haiguswi hapo. Wanajua jua likipiga kupitia lenzi linaunguza kioo cha ndani, hivyo miwani haiachwi dirishani. Wanabadilisha kifuniko cha uso kati ya mtu na mtu, na akitokea mtu ngozi inamwasha hatulazimishi. Mwaka 2021 sponji za uso za Quest 2 zipatazo milioni 4 ziliitishwa nchini Marekani kwa sababu ya miwasho ya ngozi, kwa hiyo anayelalamika hasingizii. Na wanaitazama betri. Miwani ambayo ganda lake limeanza kuachana kwa sababu betri imevimba haichajiwi tena hata kama inawaka vizuri. Inawekwa peke yake, mbali na vitu vinavyoshika moto, na mimi naiondoa kwenye ratiba siku hiyo hiyo.

Nimalizie na vifaa vinavyostaafu, kwa kuwa sijaona wengi wakivishughulikia. Ule ulinzi unaomzuia mwizi, wa Apple tangu 2013 na wa Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, hautofautishi mwizi na shule iliyopewa msaada wa simu zilizotumika. Kampuni ikigawa vishikwambi bila kuviachia kwenye akaunti yake, aliyepokea atavifuta, atawasha, na atakutana na jina la kampuni likimwomba aingie. Hawezi kuvitumia. Kwa hiyo kabla kifaa hakijatoka kwetu kwa mara ya mwisho naondoa kufuli lake, nakifuta, nakiondoa kwenye akaunti ya mtengenezaji, kisha nakiwasha kwenye Wi-Fi ya nje ya ofisi na kufuata hatua za mwanzo kama mtu mgeni mpaka nione hakiulizi habari zetu. Kikipita hapo nakizima, naandika namba yake kwenye daftari la makabidhiano, na aliyekuja kukichukua anatia sahihi.